Kibao cha Kwaheri

Mambo yote yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na nne Juni, saa tano kasoro robo asubuhi. Si siku daraja lilipoanguka, kama wengi wanavyodhani. Siku daraja lilipoanguka mambo yalikuwa yameshaharibika zamani, yamekomaa, yamevaa suti na yanaitwa Mheshimiwa. Jumatano hiyo Chilumba alikuwa mtoto mdogo, anawinga ndege kwenye mpunga wa shangazi yake, kopo mkononi, kamasi puani, hana habari kwamba huko mjini, kwenye uwanja wa chekechea asiyoijua hata jina, mtoto wa rika lake anamharibia maisha kwa vibao vya kuchezea.

Nchi yenyewe ni nzuri sana. Jina lake halitajwi hapa kwa heshima tu, na pia kwa sababu limebadilishwa mara nyingi mpaka wenyeji wakiulizwa wanaomba muda wa kufikiri. Ni nchi inayopenda elimu kupita kiasi. Miaka hiyo wataalamu wake walitumwa ng'ambo kwenda kuchunguza wahandisi wanatoka wapi. Walikaa huko majira ya baridi yakapita na yakarudi, wakanenepa, halafu wakaja na jibu: mhandisi hatoki chuo kikuu. Mhandisi anatoka chekechea. Mtoto wa miaka mitano ukimpa vibao vya mbao akapanga kimoja juu ya kingine, akaona kinaanguka, akapanga upya, huyo kichwa chake kinajifunza mapema kwa nini vitu vinasimama, na akikua atakujengea nyumba, barabara na daraja.

Jambo hilo ni la kweli. Chilumba mwenyewe, aliyeishia darasa la tatu, halipingi. Anachosema yeye ni kwamba katika nchi hiyo hata jambo la kweli likishapita ofisini linatoka limechakaa.

Serikali iliagiza vibao vya kila chekechea. Vilikuja kontena kwa kontena. Viliposhushwa bandarini vikaenda wizarani kuhakikiwa, vikatoka wizarani kwenda mkoani kuhakikiwa tena, na uhakiki ulikuwa makini kiasi kwamba wilaya nzima ilipokea sanduku moja. Sanduku moja, wilaya nzima. Hapo ndipo ilipozaliwa Siku ya Mnara. Sanduku lilifungwa juu ya gari la mgeni rasmi, mgeni akawa analizungusha chekechea moja baada ya nyingine. Watoto wanapewa vibao, wanajenga minara, mgeni anahutubia, akimaliza anapanda gari, na vibao vinatakiwa virudi sandukuni mara moja, maana chekechea ya pili inangoja.

Sasa fikiria mwenyewe. Mnara ukianguka mgeni akiwa bado anahutubia, ni aibu. Mnara ukikataa kubomoka mgeni akishaondoka, ni usumbufu. Msafara unachelewa na chakula cha mchana kinapoa. Kwa hiyo mtoto mwenye akili, katika nchi hiyo, ni yule ambaye mnara wake unasimama hotuba nzima bila kutikisika, halafu gari likikata kona tu, unaporomoka wenyewe.

Kwenye Jumatano hiyo, mtoto mmoja aitwaye Eliuteri Mbunju alifanya jambo ambalo halijawahi kufanyika. Chini kabisa ya mnara wake aliweka kibao kimoja kwa upande, chembamba, kimesimama kwa ukucha. Akakifunga uzi. Mgeni alihutubia mpaka wazee wakasinzia, mnara umetulia kama picha ukutani. Gari lilipokata kona, Eliuteri akavuta uzi, na vibao vyote vikaingia sandukuni kama vimeitwa. Mgeni alisimamisha gari, akarudi kwa miguu, akambeba mtoto juu juu. "Huyu," alisema, "ni mhandisi." Kibao kile kikapewa jina. Kikaitwa kibao cha kwaheri, kikaingia kwenye mtaala, na tangu hapo hakuna aliyefikia cheo cha uhandisi katika nchi hiyo bila kukijua kibao cha kwaheri.

Chilumba hakujua lolote katika hayo. Alikua, akaoa, akajenga kibanda cha mihogo ya kuchoma upande huu wa Mto Luhule yeye na mkewe Mwanaidi. Mwanaidi ndiye aliyekuwa na sauti ya biashara. Chilumba alikuwa na mikono tu. Walizaa mtoto mmoja, wakamwita Semeni. Semeni tangu anatambaa alikuwa akipanga kuni. Mama yake akiweka kuni ovyo, yeye anazipanga: nene chini, nyembamba juu.

"Mtazame," Mwanaidi alikuwa akisema. "Huyu simtaki kwenye moshi huu. Huyu ni injinia."

"Injinia wa mihogo," Chilumba anajibu.

"Cheka tu. Siku ya mwisho utaenda kumwamkia ofisini kwake, na kabla hujaingia utavua viatu."

Halafu likaja daraja. Lilijengwa na Mhandisi Eliuteri Mbunju, ambaye wakati huo alikuwa Mkurugenzi katika Wizara ya Ujenzi na Uzinduzi. Lilikuwa daraja zuri, Chilumba hawezi kusema uongo. Lilipakwa rangi za bendera na taa zikawekwa hata mahali pasipopita mtu. Siku ya uzinduzi askari walifunga kamba, wakawazuia wananchi wote ukingoni tangu alfajiri, maana mwananchi akitangulia kulikanyaga daraja kabla ya mgeni rasmi analitia mkosi. Mgeni alifika, alikata utepe, alihutubia kuhusu daraja kati ya jana na kesho, akalipita kwa gari mara moja kwenda na mara moja kurudi, akaondoka na msafara wake.

Ndipo askari walipofungua kamba. "Haya, piteni, ni lenu sasa."

Wakapita. Mwanaidi alikuwa wa mbele, sinia la mihogo kichwani, kwa sababu ng'ambo kulikuwa na wanakwaya wenye njaa. Chilumba alibaki kuuchochea moto. Anakumbuka kwamba vumbi la msafara lilikuwa bado halijatua. Daraja la Mheshimiwa halikuhitaji uzi. Uzito wa watu ulitosha.

*

Iliundwa Tume. Iliitwa Tume ya Kuchunguza Tukio la Kushuka kwa Daraja, kwa sababu katika nchi hiyo mali ya serikali haianguki. Mwenyekiti alikuwa Jaji mstaafu Haule, mzee mpole aliyesikiliza ushahidi wote akiwa amefumba macho, kwa ajili ya haki. Chilumba aliitwa kama jamaa wa mpitaji.

"Pole sana, ndugu," Jaji alianza. "Tume ina swali moja tu kwako. Marehemu alipita kabla au baada ya mgeni rasmi kuondoka?"

"Baada, mheshimiwa. Kabla walituzuia kwa kamba."

Wajumbe walitazamana, wakapumua. Mmoja alimpongeza mwenzake kwa kumshika mkono chini ya meza.

"Baada," Jaji alirudia, akaandika. "Basi kitaalamu hakuna tatizo. Daraja lilizinduliwa likiwa limesimama."

"Mke wangu alikuwa juu yake, mheshimiwa."

"Ndiyo. Hilo linaingia kwenye idara ya mazishi. Sisi hapa ni ufundi tu."

Chilumba aliambiwa anaweza kwenda, lakini alibaki kwenye kiti cha nyuma, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Hivyo alimsikia Mhandisi Mbunju akitoa ushahidi. Alikuwa mtu wa sauti nzuri, mnene kiasi, leso yake inanukia. Hakukataa kitu. Alisema daraja alilijenga kama alivyofundishwa. Chuo kikuu kilimwongezea hesabu, alisema, lakini msingi wote aliupata chekechea. Hapo akasimulia habari ya Jumatano ile, tarehe, saa, kibao, uzi, mgeni akimbeba juu juu. Alipofika kwenye jina la mwalimu wake wa chekechea, ambaye sasa ni marehemu, alilia machozi ya kweli. Wajumbe nao walilia. Chilumba, ambaye hakuwa amelia tangu mazishi, alishangaa kuona nchi ina machozi mengi hivyo na siku zote hizo yalikuwa yamewekwa akiba kwa ajili ya mwalimu wa chekechea.

Ripoti ilipotoka, ilisema chanzo cha yote ni malezi bora ya awali. Ilipendekeza marehemu mwalimu apewe nishani, Siku ya Mnara ifanywe sikukuu ya taifa, na Mhandisi Mbunju, kwa kuwa mfano hai wa mtoto aliyejengwa mapema, awe Waziri. Mapendekezo yote yalitekelezwa, jambo ambalo ni nadra, na magazeti yaliipongeza Tume kwa hilo.

*

Semeni alianza chekechea mwaka uliofuata. Chekechea ya kwao ilikuwa na uwanja wa vumbi, mlingoti wa bendera, na mabenchi matatu mapya yaliyoletwa kwa ajili ya Siku ya Mnara. Benchi la kwanza ni la wahandisi: wale ambao minara yao imesimama na kuporomoka kwa wakati wake. Wakitoka hapo wanapelekwa shule ya bweni ya serikali, yenye vitanda, nyama na taa. Benchi la pili ni la walimu: wale ambao minara yao ilianguka hotuba ikiendelea. Benchi la tatu ni la viongozi: watoto ambao hawakujenga chochote, ila walipiga makofi sana kwa minara ya wenzao.

Majuma machache kabla ya siku yenyewe, Mwalimu Perusi alifika kibandani. Alikuwa binti mwembamba, naye katoka benchi la pili, kama walimu wote.

"Shikamoo, Baba Semeni."

"Marahaba, mwalimu. Karibu muhogo. Pilipili ipo."

"Nashukuru. Nimekuja kwa habari ya Semeni."

"Kampiga mtu?"

"Angekuwa anapiga watu ningemweka benchi la viongozi tukamaliza." Mwalimu alikaa kwenye kigogo, akakunja sketi. "Baba Semeni, mnara wake hauanguki."

"Sasa hilo ni tatizo?"

"Tunafanya mazoezi kwa maboksi ya viberiti na vipande vya matofali. Wenzake wote wameshajua kibao cha kwaheri. Yeye anaweka kizito chini, anapanua chini, anatazama, anarekebisha. Tukiimba wimbo wa kumuaga mgeni, minara yote inashuka, wa kwake uko pale pale. Juzi mbuzi kaugonga kapita. Upo."

Chilumba aligeuza muhogo mmoja ambao ulikuwa bado haujaiva upande wa chini.

"Mimi simlaumu," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini, akitazama barabarani. "Kama ni mimi ninayeamua... Lakini si mimi. Mnara usioshuka hauna benchi. Mwaka juzi kulikuwa na mtoto wa hivyo kule Mkalamo. Walimrudisha nyumbani. Sasa hivi anachunga."

"Na akiweka hicho kibao?"

"Akiweka, kwa mikono ile aliyonayo, hakuna wa kumshinda. Anakuwa injinia, Baba Semeni. Mzungumzie. Wewe atakusikia."

Chilumba alimheshimu mwalimu kwa kumfungia muhogo kwenye gazeti lenye picha ya Waziri. Halafu akakaa peke yake na moshi wake. Alikuwa na mambo mawili tu duniani: kaburi la Mwanaidi juu ya kilima, walikozikwa wote wa darajani, na mtoto. Na aliyeko kilimani alikuwa ameacha neno moja tu, kwamba mtoto asikae kwenye moshi, mtoto awe injinia. Alijaribu kulichukia neno hilo, akashindwa. Ni rahisi kuwachukia wakubwa, aliona. Kazi ni kuchukia nyama na kitanda ambavyo mwanao angepata.

Semeni alipotoka kucheza alimwita.

"Hicho kibao cha kwaheri ni kipi?"

"Kile kinachosimama kwa upande, baba. Unakifunga uzi. Mgeni akiondoka unavuta."

"Basi siku hiyo kiweke."

Mtoto alimtazama. "Nikikiweka nitakuwa injinia?"

"Utakuwa."

"Wa madaraja?"

Chilumba aliinama akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. "Wa chochote watakachokuambia ujenge."

"Sawa, baba," alisema Semeni. Alikuwa mtoto msikivu.

*

Siku ya Mnara ilipofika, mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Mhandisi Eliuteri Mbunju mwenyewe. Wazazi waliwekwa nyuma ya kamba. Sanduku la vibao lilishushwa na Afisa Vibao wa Wilaya, bwana mwenye glavu nyeupe, na watoto wakaanza.

Waziri alihutubia. Alisema mtoto ni udongo, na udongo ni tofali, na tofali ni nyumba, na nyumba ni taifa, kwa hiyo kumkanyaga mtoto ni kuingia ndani ya taifa na viatu. Watu walipiga makofi bila kuuliza maana. Alisema nchi za wenzetu zinajenga vitu vinavyokaa miaka mia, na matokeo yake hazina tena cha kuzindua, watu wao wana huzuni. Sisi huzuni hiyo hatuna, alisema. Sisi tunazindua kila mwaka, pengine kitu kile kile.

Semeni hakujenga mnara. Alijenga daraja. Nguzo mbili, na juu yake kibao kirefu, na chini ya nguzo ya kushoto, Chilumba alikiona kutoka kwenye kamba, kibao chembamba kimesimama kwa ukucha, kimefungwa uzi mweusi. Mtoto amemsikia baba yake. Chilumba alijisikia kama mtu aliyemeza kaa la moto na analazimika kutabasamu. Juu ya daraja lake Semeni alikuwa amepanga visoda, vile vifuniko vya chupa, kimoja nyuma ya kingine.

Waziri alipopita kukagua alisimama mbele yake, akainama akakiona kile kibao, na uso wake ukalainika. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. "Huyu," aliuambia umati, "tayari ni mwenzangu." Mwalimu Perusi alimtafuta Chilumba kwa macho, akamwinamia kichwa kidogo, kama mtu anayetoa pongezi.

Waziri akapanda gari. Wimbo wa kuaga ukaimbwa. Gari likakata kona, filimbi ikalia, watoto wakavuta nyuzi zao, uwanja mzima ukaporomoka kwa sauti moja tamu. Afisa Vibao akaanza kuokota.

Daraja la Semeni lilikuwa limesimama. Uzi alikuwa ameushika.

"Semeni," Mwalimu alisema. "Vuta."

"Bado kuna watu, mwalimu."

"Watu gani?"

"Hawa." Alisukuma kisoda kimoja kwa kidole, taratibu, kikasogea kikafika ng'ambo. Akasukuma cha pili. "Huyu kabeba mzigo. Hawezi kukimbia."

"Mwanangu, vuta. Gari linangoja."

"Wakimaliza kupita nitavuta."

Afisa Vibao alikuja na glavu zake. "Huyu mtoto ana nini? Vuta uzi, wewe."

"Ngoja," Semeni alimwambia, kama anavyowaambia wateja wa mihogo.

Nyuma ya kamba watu walikuwa wameanza kunong'ona, kisha wakasogea kwenye kamba. Wengi wao walikuwa na mtu wao kilimani. Mwanamke mmoja karibu na Chilumba alikuwa anavihesabu visoda kimoja kimoja. Cha kubeba mzigo kilivuka. Kikafuata kingine.

Msafara ulirudi kinyumenyume, magari yote, kwa sababu sanduku halikuwa juu ya paa. Waziri alishuka, tabasamu lake la hotuba bado liko usoni, akachuchumaa mbele ya daraja.

"Mtoto mzuri, mgeni ameshaondoka."

"Hujaondoka," Semeni alisema. "Uko hapa."

Watu wachache walicheka, askari akawatazama, wakaacha.

"Nikiondoka utavuta?"

"Hawa wakiisha."

"Na wataisha lini?"

Semeni aliingiza mkono kwenye mfuko wa sare, akatoa konzi ya visoda, akavipanga nyuma ya vile vingine, ukingoni, pale askari wanapofunga kamba.

Waziri alisimama. Kisheria hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kugusa jengo la mtahiniwa; sheria hiyo aliipeleka bungeni yeye mwenyewe, ili kibao cha kwaheri kisiharibiwe na wivu. Afisa Vibao alimnong'oneza kwamba chekechea inayofuata wameshapanga foleni na bendi yao imeanza kupiga. Na sanduku haliruhusiwi kuondoka likipungua hata kibao kimoja. Siku hiyo hakuna mhandisi aliyechaguliwa kwenye chekechea nyingine wilayani, na nchi ikasimama kumngoja mtoto wa miaka sita avushe vifuniko vya soda.

"Aandikwe," Waziri alisema mwishowe. Tabasamu lilikuwa limeisha.

Watoto wakapangwa kwenye mabenchi. La wahandisi lilijaa. La walimu likajaa. La viongozi halikutosha, wengine walikaa chini. Semeni alibaki katikati ya uwanja, uzi mkononi. Mwalimu Perusi alimshika bega, akamwongoza benchi la kwanza. Afisa Vibao akatikisa kichwa, jengo halijashuka. Mwalimu akamwongoza la pili. Afisa akatikisa tena kichwa, jengo halikuanguka. La tatu, kajenga, hastahili. Mwalimu alirudi naye katikati, akasimama pale, machozi yamemlengalenga.

Chilumba aliinua kamba akapita chini yake. Askari alimshika mkono, lakini si kwa nguvu. Naye alikuwa na dada yake kilimani. Chilumba alikwenda mpaka mbele ya Waziri, mikono yake imejaa masizi, akavua kofia kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Alikuwa ameandaa matusi ya miaka miwili. Yote yalimtoka kichwani. Aliuliza swali moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizia njia.

Waziri alimgeukia katibu wake. Katibu akamgeukia Afisa Vibao, Afisa Vibao akamgeukia Mwalimu, na Mwalimu akatazama vumbi. Baadaye iliundwa kamati ya kulishughulikia swali hilo, ikazinduliwa kwa utepe na ngoma, na wajumbe wake wanaendelea kukutana hotelini. Kila mwezi Chilumba anaacha moto wake, anapanda basi mpaka mjini, anasimama dirishani pa karani, na anauliza vilevile:

"Mtoto anayeangalia kwanza kama bado kuna watu juu, katika nchi hii anasomea wapi?"